Uzio na Ngitili: Ardhi ya Migodi na Wenyeji Wake katika Shinyanga na Geita

Utamaduni wa taifa hauonekani katika ngoma, mavazi na masimulizi peke yake. Huonekana pia katika namna watu wanavyoigawa na kuitunza ardhi wanayokaa: wapi pajengwe nyumba, wapi palishwe mifugo, wapi pawe soko, na nani aulizwe kabla ya kuamua. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo katika nchi ya almasi na dhahabu, yaani Shinyanga na Geita. Swali letu ni moja: kiwanda au mgodi ukiisha kazi yake, ardhi uliyoikalia irudi vipi katika maisha ya watu?

Tuanze na Mwadui. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapo mwamba wa almasi wenye eneo la hekta zipatazo 146. Kando ya shimo ukajengwa mji kamili, wenye hospitali, shule, umeme, maji ya bomba na kiwanja cha ndege. Lakini mji huo ulizungushiwa uzio. Ndani yake makazi yaligawanywa kwa vyeo, na katika siku za ukoloni vyeo viliandamana na rangi ya mtu. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa kwa nusu na nusu na kampuni ya De Beers pamoja na Serikali ya Tanganyika. Katika miaka ya 1970 ulikuwa mali ya umma. Mwaka 1994 De Beers ikarudi, na mwaka 2009 hisa zake zikachukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Wenye mgodi walibadilika, ila uzio ulibaki. Hata hivyo, uzio hauzuii madhara kutoka nje. Mnamo Novemba 1922 hapakuwa na mgodi wala bwawa. Miaka mia moja baadaye, Novemba 2022, ukingo wa bwawa la matope ya mgodi ulibomoka, na tope likaenea katika mashamba na makazi ya wanavijiji jirani, ambao hawakuwa wakazi wa mji ule.

Geita nayo ina fundisho lake. Mgodi wake wa dhahabu ulistawi tangu miaka ya 1930, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya dhahabu katika Afrika Mashariki, kisha ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Kati ya kufungwa na kufunguliwa tena ilipita zaidi ya miaka thelathini. Hapo tunaona kwamba mji unaotegemea shimo moja husimama shimo liliposimama, isipokuwa wenyeji wake wawe na kazi nyingine, na ardhi ya kuifanyia kazi hiyo.

Kabla hatujafika Kahama, ambako swali letu linaulizwa hivi sasa, yafaa tutazame ardhi nyingine iliyochoshwa na kisha ikapona. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyozoea kuyatunza. Nchi ikawa kame, ardhi ikaliwa na mmomonyoko. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI.

Wataalamu wa mpango huo wangeweza kuleta miche ya kigeni na amri za kuipanda. Kilichofanikiwa zaidi lakini ni kile ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari. Wasukuma wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, majani na miti ikaachwa ikue, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali. Nani alishe, lini, na aliyevunja mwiko alipe nini, yalikuwa mambo ya kuamuliwa katika dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji. HASHI ilikubali kujifunza kwa wenyeji hao. Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Miaka ya 2000 ilipoanza zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji vipatavyo 833. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia waliulizwa, nao wakajibu kwa vitendo.

Sasa tuingie Kahama. Mgodi wa Buzwagi, ulio kilomita chache kutoka katikati ya mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na uzalishaji huo ukakoma mwaka 2021. Mwaka huohuo Kahama ilipata hadhi ya manispaa. Mji huu haukulelewa na dhahabu peke yake. Umekuzwa pia na biashara ya mpunga, na barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, na ujirani wake na reli ya Isaka. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza eneo la mgodi kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na mwaka huohuo kampuni ya Barrick ilifungua hapo chuo cha kuwafunza wasimamizi wa migodi. Majengo, nyaya za umeme na kiwanja cha ndege, ambavyo vingeachwa viliwe na kutu, vimepewa nafasi ya kutumika tena.

Hatua hiyo ni njema. Lakini tusisahau Mwadui. Eneo la viwanda laweza kuwa uzio mwingine, wenye lango la kuingilia wafanyakazi asubuhi na kutokea jioni, huku mitaa ya jirani kama Mwendakulima ikibaki kutazama. Laweza pia kuwa sehemu ya mji: karakana karibu na nyumba, soko karibu na shule, njia za miguu zinazounganisha mitaa ya zamani na ile mipya. Katika bonde la Ruhr, Ujerumani, mgodi wa makaa wa Zollverein ulifungwa mwaka 1986, na majengo yake yakawa makumbusho na mahali pa masomo na sanaa, hata mwaka 2001 yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hatuhitaji kuiga sura ya majengo hayo. Tunachopaswa kuona ni kwamba ardhi ya kiwanda yaweza kupata maisha zaidi ya moja.

Kwetu sisi sheria imefungua mlango. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe mipango ya maeneo yao inapotayarishwa. Lakini mkutano wa kusikilizishwa uamuzi uliokwisha kupitishwa si dagashida. Katika dagashida mwenye ng'ombe mmoja husema pamoja na mwenye mia, na neno lake hubadili mpaka wa ngitili. Mama auzaye mchele kando ya barabara, mchimbaji mdogo, fundi wa baiskeli na mkulima aliyehamishwa shambani mwake wanajua maji yanapopita masika na watoto wanapovukia barabara. Mchoro wa mji usiokuwa na maarifa hayo utakuwa na makosa, hata ukichorwa kwa ustadi gani.

Walimu na wanafunzi wanaweza kuanza kazi hii katika mitaa yao wenyewe. Wawaulize wazee ardhi ya kiwanda au ghala lililofungwa ilikuwa nini zamani, nani alihamishwa, na nani anaitumia leo. Kisha waandike na wachore ramani. Dhahabu ikishachimbwa hairudi, lakini ardhi hubaki. Shinyanga imekwisha kutuonyesha kwamba ardhi iliyochoka hupona pale wanaoikalia wanapoulizwa mapema, kabla ya nguzo za uzio kusimikwa.