Nyambizi U-198 na Askari wa Meru na Embu

Historia ya Vita Kuu ya Pili kama inavyosimuliwa Meru na Embu ina pengo katikati. Inaanzia kwenye boma la DC, vijana wakiandikishwa jeshini. Mara tunawakuta Burma, katika matope ya bonde la Kabaw. Kisha wanarudi nyumbani, na miaka michache baadaye vita vinahamia msituni, Mlima Kenya. Kati ya boma na Burma kulikuwa na bahari, nayo ilikuwa uwanja wa vita tangu meli ilipong'oa nanga Kilindini. Ninachodai hapa ni kwamba mwenendo wa nyambizi za Kijerumani katika Bahari ya Hindi, ambao hadi leo unafuatiliwa zaidi na wapenzi wa manowari huko Ulaya, ni sehemu ya historia ya watu wa Imenti, Tigania, Tharaka, Mbeere na Embu. Tukiuacha nje, hatutaelewa kwa nini mamia ya askari wa Afrika Mashariki waliangamia kabla hawajafika hata karibu na mstari wa mbele.

Tuchukue nyambizi moja, U-198. Ilijengwa Bremen, ikaingia kazini Novemba 1942 ikiwa chini ya Werner Hartmann. Ilikuwa ya aina ya IXD2, yenye urefu wa karibu mita 88, iliyoundwa kwa safari ndefu kupita kiasi cha kawaida. Safari yake ya kwanza ilianza Machi 1943 na kumalizika Septemba huko Bordeaux, zaidi ya miezi sita baharini, na katika muda huo ilizamisha meli 7, nyingi zikiwa katika maji ya Afrika Kusini na Msumbiji. Safari ya pili ilianza Aprili 1944 chini ya Burkhard Heusinger von Waldegg, na hapo ndipo ilipotukaribia. Mwanzoni mwa Agosti 1944 ilizamisha Empire City karibu na mwambao wa kaskazini wa Msumbiji, na siku moja baadaye ikaizamisha Empire Day katika maji yaliyo mashariki ya Dar es Salaam. Waingereza walituma kikosi chenye manowari mbili za kubebea ndege, Begum na Shah, kuisaka. Ndege ya Shah iliiona tarehe 10 Agosti, na siku mbili baadaye manowari Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India ziliizamisha karibu na Ushelisheli. Watu wake wote 66 walikufa.

Nyambizi za aina hiyo zilikuwa na kifaa kinachostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha meli ya abiria ilikabiliana na nini. Kiliitwa Bachstelze: kiti chepesi cha mabomba ya chuma chenye mapanga matatu juu yake, hakina injini, kinavutwa kwa kamba ya waya nyuma ya nyambizi hadi upepo unakiinua. Baharia mmoja alikaa humo akiwa na darubini na simu, akiwa juu sana kuliko mlingoti wowote, akitafuta moshi upande wa pili wa upeo. Agosti 1943, U-177 iliipata na kuizamisha meli ya Kigiriki Efthalia Mari karibu na Madagaska kwa kutumia kifaa hicho. Meli ingeweza kuwa peke yake kwenye maji matupu, nahodha akiamini haonwi na yeyote, huku tayari ameshahesabiwa.

Dhidi ya wawindaji wa namna hiyo, ulinzi wa pwani yetu ulikuwa mwembamba. Aprili 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki lilirudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikawa ngome kuu ya bahari hii. Ndege za Catalina, zinazotua majini, ziliruka kutoka Kipevu. Lakini manowari za kusindikiza misafara zilihitajika zaidi Atlantiki na Mediterania, kwa hiyo Bahari ya Hindi ilipata masalio. Kila nyambizi ya Kijerumani iliyofika huku iliyanyoosha masalio hayo zaidi, hata pale ambapo haikurusha topido hata moja.

Gharama yake ilionekana Februari 1944. Msafara wa KR-8 uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, ukiwa na meli tano za abiria. Tarehe 12, karibu na Maldives, zilikuwa zikilindwa na kruza Hawkins na destroya mbili tu, Petard na Paladin. Nyambizi I-27 ya Japani ilipiga Khedive Ismail kwa topido mbili, na meli ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa: wauguzi, mabaharia, na zaidi ya askari 600 wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, na mabomu ya majini yakarushwa watu wakiwa bado wanaelea. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo na Petard, destroya ambayo mwaka 1942 ilikuwa imechukua vitabu vya siri vya Wajerumani kutoka nyambizi U-559. Tukio hilo la U-559 limeandikwa na kuandikwa tena. La Khedive Ismail ni wachache wanaolitaja, ingawa katika idadi ya vifo ni miongoni mwa maafa makubwa zaidi ya meli za Washirika katika vita vile.

Hapa kuna pingamizi la wazi: I-27 haikuwa ya Wajerumani, na U-198 haikuzamisha meli ya askari. Ni kweli. Lakini kuanzia mwaka 1943 nyambizi za mataifa hayo mawili zilitumia bandari moja, Penang, na zilipigana vita vimoja dhidi ya njia zile zile za meli. Destroya iliyotumwa kumsaka Mjerumani upande wa Msumbiji haikuwapo kulinda msafara wa kwenda Ceylon. Ukiuliza kwa nini meli tano zilizojaa watu zilisindikizwa na manowari tatu pekee, jibu lako haliwezi kuishia kwa Mjapani.

Wengine watasema kwamba majina ya waliozama hayathibitishi lolote kuhusu Meru wala Embu. Majina hayo yako katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, yakiwa yamepangwa kwa kikosi na cheo, si kwa lokesheni wala ukoo. Mpangilio huo ni wa jeshi la kikoloni, na mwanahistoria halazimiki kufuata mipaka yake. Hoja yangu pia haisimami juu ya meli moja. Kila askari wa Meru au Embu aliyefika Ceylon na Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alipita maji hayo hayo, akiwa chini ya sitaha, mtoto wa milimani. Hatari ile ilikuwa ya wote, waliofika na wasiofika.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Kuna wanaoamini kwamba urithi wa vita kwa watu wa Mlima Kenya ni Mau Mau, na kwamba bahari ni hadithi ya wageni. Nalipa pingamizi hili heshima yake, kwa kuwa ardhi ndiyo iliyobeba machungu makubwa. Ila machungu hayo yaliongezwa uzito na bahari. Serikali iliwagawia mashamba Wazungu waliotoka vitani, na Mwafrika aliyevuka bahari hiyo hiyo chini ya tishio la nyambizi zile zile akarudi kwenye kipande na kodi. Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyepigana Burma kisha akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliovuka. Tunapopima deni walilohisi kwamba wanadai, lazima tupime pia safari.

Makumbusho ya Meru yamo katika jengo lililokuwa ofisi ya DC, boma lile lile ambalo utawala wa wilaya uliendeshwa humo miaka ya vita. Hapo panafaa kutundikwa ramani ya Bahari ya Hindi yenye njia ya Mombasa hadi Colombo, mahali ilipozama Khedive Ismail, mahali ilipozama Empire Day, na pale karibu na Ushelisheli ilipomalizikia U-198. Ramani kama hiyo inahitaji pia orodha ya waliovuka, iliyokusanywa kijiji kwa kijiji kutoka Igembe hadi Mbeere, kwa majina ya koo zao, na familia ndizo zenye kuikamilisha.