Mkono na Mizani

Kwa Mswahili, kufuma ni kazi ya uzi, au ni kazi ya mshale. Kwa msokotaji wa sigara wa Havana, *fuma* ni kitu kingine kabisa: ni ile sigara anayojisokotea mwenyewe, kwa majani yale yale anayoyashika kutwa nzima, aivute mezani pake au aende nayo nyumbani jioni. Maneno haya mawili hayana udugu. Hilo la Kihispania limetokana na kuvuta moshi. Hata hivyo, anayevusha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine hawezi kulipita hili bila ya kusimama, kwani fuma ya Havana nayo ni kitu kilichofumwa kwa vidole. Haina ukanda wa karatasi shingoni, haina sanduku la mwerezi, na ncha yake mara nyingi hupindwa tu kama utambi badala ya kuvikwa kofia ya jani. Katika historia ya sigara iliyo nzuri na isiyo ghali, hiyo ndiyo ya mwanzo.

Sigara inayosemwa hapa si ya karatasi. Ni ile nene, ya majani matupu, ambayo habari zake ziliwafikia Wazungu Novemba 1492, pale Luis de Torres na Rodrigo de Jerez, waliotumwa na Columbus kuikagua bara ya Cuba, waliporudi na kusimulia kwamba wameona watu wakivuta moshi wa majani yaliyoviringwa. Baadaye tumbaku ilizunguka dunia nzima. Pwani ya Afrika Mashariki ikaipokea na kuitia katika tambuu. Lakini ufundi wa kuisokota ulibaki Cuba, na hasa ukategemea mashamba ya magharibi ya kisiwa, upande wa Pinar del Río, mahali paitwapo Vuelta Abajo.

Ufundi wenyewe si wa kueleza kwa haraka. Majani hukatwa, hutungwa na kuanikwa katika mabanda, kisha hulundikwa na kuvundikwa mpaka lundo lipate joto ndani na kutoa ile harufu kali ipandayo puani kama ya choo cha ng'ombe. Harufu hiyo lazima iishe kabla jani halijafika mezani. Sigara moja ina sehemu tatu: moyo, kifungio na joho. Moyo huchanganywa kwa majani ya ngazi mbalimbali za mche. Ya juu, yaliyopigwa sana na jua, ni mazito na makali, nayo huwaka polepole; ya kati ndiyo yenye harufu; ya chini ni mepesi, na kazi yake ni kuuzuia moto usizimike. Msokotaji huyakusanya kiganjani, akayapanga moja moja ili moshi upate njia, na lile kali akaliweka katikati. Akishafunga, huutia mwili huo katika kibao cha kubania, kisha hukata joho kwa *chaveta*, kisu kipana kisicho na mpini, akalizungusha kwa mshazari toka chini hadi juu.

Joho ndilo lenye bei. Jani la joho likiwa na doa, au rangi yake ikihitilafiana na za wenzake ndani ya sanduku, thamani ya sigara hushuka ingawa moyo wake haukubadilika hata kidogo. Hapo ndipo penye siri ya sigara nafuu iliyo njema: wenye kuijua hununua ile isiyo na sanduku, yenye joho la wastani, maadamu ndani mna majani marefu yasiyokatwa. Ile rahisi ya aina nyingine, iliyojazwa vipande na makombo ya mezani, huwaka kwa pupa, huunguza ulimi na kumwachia mvutaji vijiti mdomoni. Kwa nje zaweza kufanana kama pacha.

Kwa hiyo anayepima huanza kwa vidole. Huibonyeza taratibu toka mwisho hadi mwisho. Akikuta fundo gumu, ajue moshi utakwama. Akikuta uwazi laini, ajue itachemka. Akiisha kuikata ncha, huivuta kabla ya kuiwasha, na pumzi hiyo kavu humpa ladha ya nyasi, au ya tunda lililokaushwa. Moto husogezwa bila ya kuligusa jani. Moshi haushuki kifuani, hukaa mdomoni na kutolewa, na mvuto mmoja kwa dakika watosha. Theluthi ya kwanza huwa pole, ya pili hufunguka, ya tatu huelemea upande wa ukali na uchungu. Wapo wanaotaja kahawa, ngozi, udongo uliolowa, pilipili. Aliyezoea kutambua udi wa kweli na wa kughushi kwa moshi wa mwanzo hataona ajabu kwa maneno hayo. Lakini hukumu iliyo nzito kuliko zote ni ya pua: ile harufu ya lundo ikirudi, basi jani liliharakishwa, na hakuna chapa wala sanduku litakaloficha.

Watu wa kwanza kuwa na elimu hii yote walikuwa wasokotaji wenyewe, na elimu yao haikuishia kwenye majani. Tarehe 21 Desemba 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, mtu mmoja aliketi mbele ya wenzake akawasomea kwa sauti wakati wao wakisokota. Aliyeupigia debe mpango huo alikuwa Saturnino Martínez, mzaliwa wa Asturias, msokotaji wa kiwanda cha Partagás, na mshairi. Mwaka huo huo aliasisi gazeti la *La Aurora*. Ujira wa msomaji ulitoka mifukoni mwa wasikilizaji, na vitabu vilichaguliwa nao. Walipopendezwa walizigonga chaveta zao juu ya meza, ukumbi mzima ukalia kama ngoma. Wengi hawakujua kusoma, lakini baada ya miaka kadhaa ya kusikiliza waliweza kubishana juu ya riwaya kama wabishanavyo juu ya jani. Gavana wa Kihispania aliuona mchezo huo mapema: Mei 1866 alipiga marufuku usomaji viwandani. Ulirudi baadaye, kama mambo ya namna hii yarudivyo. Jina la chapa ya Montecristo, iliyoanzishwa 1935, husemwa kuwa limetokana na mapenzi ya wasokotaji kwa riwaya ya Alexandre Dumas.

Picha hii isitiwe sukari kupita kiasi. Madirisha yalifungwa ili upepo usiyakaushe majani, vumbi la tumbaku likajaa ukumbini, na kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa wasokotaji. Malipo yalikuwa kwa idadi ya sigara. Katika hali hiyo, fuma haikuwa anasa ya bure. Ilikuwa sehemu ya ujira, na ushahidi kwamba mwenye mkono anayo haki ya kuonja kazi yake.

Vita vya uhuru vya Cuba viliposukuma viwanda kuvuka bahari, usomaji na fuma vilivuka navyo. Vicente Martínez Ybor alihamia Key West 1869, kisha akajenga mji wake karibu na Tampa, Florida, katika miaka ya 1885 na 1886. Ni kwa wasokotaji wa huko José Martí, mshairi na kiongozi wa wapigania uhuru, alikokwenda kuhutubia Novemba 1891, na ni wao waliochanga sehemu ya ujira wao kwa ajili ya vita vilivyoanza 24 Februari 1895. Inasimuliwa kwamba amri ya kuanza vita hivyo ilivushwa ikiwa imefichwa ndani ya sigara. Martí mwenyewe aliuawa vitani Mei mwaka huo.

Kisha ikaja mizani. Mwaka 1899, Ybor City, wenye viwanda waliweka mizani ili kila msokotaji apimiwe tumbaku ya moyo, na kwa uzito huo atoe idadi maalumu ya sigara. Kwa hesabu ya karani jambo hilo lilikuwa la haki. Kwa msokotaji lilikuwa tusi maradufu: kwanza aliambiwa mwizi, maana chochote kilichopungua kingehesabiwa kuwa fuma yake, pili aliambiwa kuwa mkono wake haujui, ilhali jani la leo si la jana, hili lina unyevu na lile limekauka, na sigara mbili zenye uzito mmoja huweza moja kuvutika na nyingine kuziba. Walitoka wakagoma, na mgomo ule ukabaki katika kumbukumbu kwa jina la mgomo wa mizani. Walishinda, mizani ikaondolewa.

Ushindi wa namna ile haukudumu. Novemba 1931 wenye viwanda wa Tampa walimwondoa msomaji, kwa hoja kwamba anasoma maandishi ya kichochezi. Wafanyakazi waligoma, wakashindwa, na redio ikachukua nafasi ya jukwaa lake. Wakati huo mashine ilikwisha ingia. Usemi kwamba Marekani inahitaji sigara nzuri ya senti tano, unaohusishwa na Thomas Marshall, makamu wa rais wa nchi hiyo toka 1913 hadi 1921, ulijibiwa na chuma. Senti tano zilipatikana. Uzuri ni habari nyingine.

Septemba 1960 serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda, na Februari 1962 Marekani ikafunga mlango wa bidhaa za kisiwa hicho. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy, alisimulia baadaye jinsi alivyotumwa jioni moja kutafuta sigara elfu moja za Petit Upmann, akapata 1,200, na asubuhi yake rais akatia saini. Kisa hiki hupendwa mno, labda kuliko kinavyostahili. Chenye uzito zaidi ni cha wale waliokuwa uhamishoni Miami, wasiokuwa na msemaji wa kuwatafutia. Mwaka 1964 José Orlando Padrón, mtoto wa familia ya wakulima wa tumbaku wa Pinar del Río, alifungua huko kiwanda kidogo, na alichowauzia wenzake kilikuwa fuma: sigara ya mkono, ya jani refu, isiyo na madaha, ya bei ambayo mfanyakazi angeweza kuitoa. Mwaka 1970 alihamishia usokotaji Nicaragua. Kiwanda chake cha Estelí kiliteketezwa 1978, kikajengwa tena. Mei 1985 Marekani ikaifungia Nicaragua nayo milango. Kilichokuwa cha msokotaji kimeishi kwa ukaidi.

Mizani nayo ilirudi, kwa sura nyingine. Mwaka 1992 lilianzishwa Marekani jarida la *Cigar Aficionado*, lililozipa sigara alama kati ya mia. Haki yake ipewe: waonjaji wake huvuta sigara zilizovuliwa ukanda, wasijue chapa. Lakini msomaji wa jarida hukumbuka nambari tu. Sigara za mkono zilizoingia Marekani zikapanda kutoka kiasi cha milioni 100 mwaka huo hadi zaidi ya milioni 400 mwaka 1997, majani yakatolewa katika malundo kabla ya wakati, na wanunuzi wengi wapya wakaionja ile harufu ambayo msokotaji wa mwaka 1865 asingeiruhusu ivuke meza yake. Mwaka 2022 bei za Cohiba na Trinidad zilipandishwa duniani kote zilingane na zile za Hong Kong, na mwaka 2023 kampuni inayouza sigara za Cuba ilipata mapato ya dola milioni 721.

Katika viwanda vya Havana bado wamo waonjaji wa kazi. Hukaa pamoja, wakavuta sehemu tu ya kila sigara, wakasuuza vinywa kwa chai isiyo na sukari, na kupima mvuto, uwakaji, ukali, harufu na ladha. Ukumbini msomaji bado anasoma. Mwaka 2012 Cuba iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Mgao wa siku nao upo. Wako wanaouvuta pale pale, huku wakimsikiliza. Wengine huuficha mfukoni, wakauuza barabarani kwa mgeni, maana sigara moja mikononi mwa mgeni inanunua chakula.