Mchoraji Aliyefukia Picha Mchangani

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

Mimi nilivuka mpaka nikiwa mdogo, na mara nyingi hujiuliza: mtu akihama na kuhama tena, kile alichokijua kwao kinaenda wapi? Leo nitajibu kwa habari za mchoraji wa Sudan, Ibrahim El-Salahi.

Alizaliwa mwaka 1930 mjini Omdurman, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Khartoum. Baba yake alifundisha watoto Kurani, na hapo Ibrahim alijifunza kuandika herufi za Kiarabu kwenye ubao. Mkono ukazoea mkunjo wa kila herufi.

Mwaka 1954 alipata nafasi ya kusoma London, katika chuo cha sanaa kiitwacho Slade. Huko alijifunza kuchora sura na miili ya watu kwa namna ya Ulaya, na kutumia rangi za mafuta. Mwaka 1957 akarudi kufundisha Khartoum, na akafanya maonyesho ya picha zake katika hoteli moja kubwa. Siku ya kufungua watu walikuja. Siku zilizofuata hawakuonekana.

Hebu jiweke mahali pake. Umesoma mbali, umerudi na ujuzi, na watu wako wenyewe hawaoni chao ndani ya kazi yako. El-Salahi angeweza kusema hawana elimu ya sanaa. Badala yake aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi yake akiangalia vitu ambavyo watu wenyewe huviweka nyumbani: mapambo ya vyombo, mikeka, kuta, na maandishi ya Kiarabu ukutani.

Aliporudi kwenye kazi, alianza kuandika maneno madogo kwenye pembe za picha. Watu wakaanza kusogea. Kisha akazivunja zile herufi, akatazama nafasi zilizo katikati ya mistari, akaona humo nyuso, wanyama na mimea. Rangi nazo zikabadilika: akachagua nyeusi, nyeupe, kahawia na manjano ya udongo, rangi za ardhi ya Sudan. Herufi za utotoni zilirudi, lakini kwa mkono uliokwisha kupita London. Bila safari hiyo asingezichora hivyo, na bila kurudi asingezikumbuka.

(Muziki mfupi.)

Safari nyingine hakuichagua. Mwaka 1975, akiwa ofisa wa serikali katika mambo ya utamaduni, alikamatwa. Alituhumiwa kuhusika na jaribio la kupindua serikali, akafungwa miezi sita katika gereza la Kober, Khartoum, bila kufikishwa mahakamani. Karatasi na kalamu vilikuwa marufuku, na aliyekutwa navyo aliadhibiwa. Yeye alichora kwa kipande cha penseli juu ya vijikaratasi alivyookota, kisha akavifukia mchangani ili askari wasivione.

Baada ya kutoka aliondoka Sudan, akafanya kazi Qatar kwa miaka mingi. Huko, mwaka 1984 na 1985, alichora picha kubwa ambayo jina lake ni sawa na kusema "Kisichoepukika". Ni karatasi tisa zilizounganishwa, zenye wino mweusi tu, na ndani yake watu wanainua mikono na ngumi. Unaona gereza lilivyoingia katika kazi yake: huanza na kipande kimoja kidogo, kisha kipande cha pili, hadi picha ijae ukuta mzima.

Tangu 1998 makazi yake yamekuwa Oxford, Uingereza, nchi ya mvua na baridi. Lakini mti aliouchora huko mara nyingi ni harazi, unaoota kando ya Nile. Mti huu una tabia ya pekee: wakati wa mvua, miti mingine inapokuwa kijani, wenyewe hupukutisha majani. Kiangazi kikija na miti mingine ikikauka, wenyewe huwa kijani. El-Salahi aliuona kuwa mfano wa watu wa kwao. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilionyesha kazi zake za miaka mingi.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba jela ni shule wala kwamba kukimbia kwenu ni baraka. Nasema tu kwamba wengi wetu hapa tunasubiri: nikirudi nyumbani nitachora, nikihamishiwa nchi nyingine nitaandika. El-Salahi hakungoja karatasi nzima.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Ni kitu gani cha nyumbani ambacho bado unaweza kukichora bila kukiona?
2. Ni kitu gani umejifunza kambini ambacho kingebadilisha mchoro huo?
3. Watoto waliozaliwa hapa, watachora nyumbani wapi?

Andikeni majibu au mchoro nyuma ya karatasi hii, mmpe kiongozi wa kikundi. Tutayasoma kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)