Dawa ya malaria: kwa nini vidonge 24 havina budi kumezwa vyote

Mgonjwa wa malaria isiyo kali anayetibiwa jijini Kigali mara nyingi hupewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo Rwanda ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Matatizo huanza siku ya pili. Homa imeshuka, nguvu zimerudi, na pakiti inawekwa kabatini kungojea homa nyingine.

Homa kushuka si dalili kwamba vimelea vimekwisha. Artemetha huua sehemu kubwa ya vimelea kwa kasi, kisha hutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini ndiyo hubaki kwa siku kadhaa na kuvimaliza vilivyosalia.

Kigali ina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 2020, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa sampuli za damu zilizokusanywa nchini kufikia mwaka 2015. Katika eneo la Masaka, wilayani Kicukiro, sampuli 19 kati ya 257 zilikuwa na vimelea vyenye badiliko la kijeni R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya jamii ya dawa ya artemetha. Badiliko hilo halikuletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Lilizuka papa hapa Rwanda. Dawa mseto iliendelea kuponya, lakini pale artemetha inapolegea, mzigo huiangukia lumefantrini.

Nayo lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu, kwani huhitaji mafuta. Kikombe cha maziwa au sahani ya isombe yenye karanga hutosha. Chai isiyo na maziwa haitoshi.

Saa nazo zina uzito. Maneno "mara mbili kwa siku" juu ya bahasha hayaelezi kwamba dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza: aliyeanza saa nne asubuhi ameze tena saa kumi na mbili jioni. Siku mbili zinazofuata, humezwa asubuhi na jioni. Anayetapika kabla ya saa moja kupita hurudia dozi, na inambidi aombe vidonge vya kufidia.

Mtoto hupimiwa kwa uzito. Kumkatia kidonge cha mama yake ni kubahatisha. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au efavirenzi ya virusi vya UKIMWI amweleze mhudumu mapema, kwa sababu dawa hizo hupunguza kiwango cha dawa ya malaria mwilini.

Homa ikiendelea baada ya siku tatu, mgonjwa arudi kupimwa damu. Degedege, kupoteza fahamu au kushindwa kunywa havingoji siku hizo: apelekwe kituo cha afya mara moja.