Uungwana wa pointi

Pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo neno hilo humtaja mwenye adabu, na msemo unasisitiza kwamba uungwana ni vitendo.

Mass Effect 2, mchezo wa video wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotoka 2010, umevigeuza vitendo hivyo kuwa hesabu. Kamanda Shepard, mhusika anayeongozwa na mchezaji, akijibu kwa upole hupata pointi za Paragon. Akifoka, za Renegade. Majibu maalumu ya kushawishi huandikwa kwa buluu, ya kutisha kwa nyekundu, na hubaki yamefungwa mpaka pointi zitoshe.

Hapo uigizaji huharibika. Miranda na Jack, wenzake wawili wa Shepard, wanapogombana melini, mchezaji asiye na pointi za kutosha hulazimika kuegemea upande mmoja na kupoteza imani ya mwingine. Basi wachezaji wengi hubonyeza upande wa upole tangu mwanzo, pengine bila hata kusoma maneno. Muungwana gani huyo?

Fallout: New Vegas, mchezo mwingine wa mwaka uleule, unasadikika zaidi: kila kundi lina kumbukumbu yake ya matendo ya mchezaji, na kipenzi cha kundi la NCR huweza kuwindwa na mahasimu wao, Caesar's Legion.