Wanaume Kumi na Wanne wa Hawthorne

Ukitaka kujua kama watu washirikiana kazini, msomaji, utawauliza au utawatazama? Swali hili liliwashughulisha sana wakuu wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani, ambako kampuni ya Western Electric ilitengeneza vyombo vya simu.

Walianza kwa kuuliza. Baina ya mwaka 1928 na 1930 wafanyakazi zaidi ya 21,000 walihojiwa mmoja mmoja. Hapo kwanza maswali yalikuwa yamepangwa: juu ya msimamizi, juu ya hali ya mahali, juu ya kazi yenyewe. Lakini watu waliliacha swali wakaingia katika habari nyingine iliyowaelemea moyoni. Basi mwaka 1929 wahoji waliagizwa wasikilize tu, na mazungumzo ya nusu saa yakawa ya saa moja na nusu. Malalamiko yakapangwa, yakahesabiwa. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini mtu ajibuye peke yake hawezi kukuonyesha kundi lake.

Ndipo mwezi wa Novemba, 1931, wanaume 14 walipotiwa katika chumba kimoja: 9 wa kufunga nyaya, 3 wa kutia lehemu na 2 wakaguzi. Mchunguzi aliketi nao, akitazama na kuandika. Malipo yao yalitegemea kazi ya kundi zima, na kwa hesabu ya karatasini kila mmoja angemhimiza mwenziwe aongeze bidii. Kumbe walihimizana kujizuia! Walikuwa wamekubaliana, bila ya mkutano wala maandishi, kwamba vyombo viwili kwa siku ni kazi ya kumtosha mtu. Aliyezidisha alidhihakiwa, au alipigwa ngumi ya mkono karibu na bega. Aliyezembea mno naye hakupendwa. Na mpeleka maneno kwa wakubwa alihesabiwa msaliti. Hata taarifa za kazi zilipindwa: aliyefanya zaidi leo aliificha ziada, akaitaja siku aliyopungukiwa. Tafakari jambo hilo, msomaji. Tarakimu zilizofika ofisini, nadhifu na zenye kulingana siku kwa siku, zilikuwa zimetengenezwa na wale wale waliokuwa wakipimwa.

Kwa nini? Wenyewe walisema kwamba wakizidisha, kiwango cha malipo kitapunguzwa, au baadhi yao watafukuzwa. Roethlisberger na Dickson, walioandika kitabu kikubwa juu ya uchunguzi huo mwaka 1939, waliona kwamba hofu hiyo haikutokana na mambo yaliyowapata watu wale. Mimi siwafuati hapo. Anguko la biashara lililoanza mwaka 1929 lilikuwa limekwisha kuwaondoa maelfu viwandani, na kila mtu aliyaona. Ushirikiano ulikuwapo chumbani, tena imara. Ila haukuwa ule ambao wakuu walikuwa wakiutafuta.

Mwezi wa Mei, 1932, chumba kilifungwa. Kazi ilikuwa imekosekana.