Punda Aliyegeuka Bunda: Kibodi ya Kiarabu na Maandishi Yetu

Katika makala haya nakusudia kuangalia jambo ambalo wahakiki wetu hulipita kama vile halihusiani na fasihi: mpangilio wa herufi kwenye kibodi. Hoja yangu ni kwamba kibodi iliyopangwa kwa ajili ya lugha moja huipotosha lugha nyingine, hata kama lugha hizo zinatumia hati moja.

Likizo iliyopita, babu yangu wa Kahama alinipa karatasi ya madeni ya baba yake, aliyekuwa mchuuzi wa njia ya Tabora. Ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Nilitaka kuichapa kwa ajili ya semina, nikaenda steshenari moja mjini Geita, ambako vijana huchapisha barua za kuomba kazi mgodini. Mchapaji akaweka Kiarabu kwenye kompyuta, akaniambia, "Haya kaka, piga mwenyewe." Basi nikapiga. Karatasi ilisema punda wawili. Mimi nikapata "bunda wawili", eti mzee alikopesha mji wa Bunda! Mpangilio wa kawaida wa Kiarabu katika Windows hauna p, ch wala v, kwa kuwa Kiarabu sanifu hakina sauti hizo.

Je, kosa ni la hati? Hapana. Ni kweli waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya b hata kwa p, wakimwachia msomaji atambue. Lakini wengine waliazima herufi za Kiajemi zenye nukta tatu, na mzee wetu alikuwa mmoja wao. Yeye alitofautisha, mashine ndiyo iliyochanganya.

Historia ya mashine yenyewe inafundisha. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kufuatana na nafasi yake katika neno, hata mara nne. Selim Haddad, aliyepata hataza ya taipureta ya Kiarabu Marekani mwaka 1899, alipunguza maumbo hayo ili vitufe vitoshe. Leo kompyuta huchagua umbo yenyewe. Kilichobaki ni irabu, ambazo katika mpangilio huo hupigwa pamoja na Shift. Kwa Mwarabu si taabu, kwani kwa kawaida huandika bila irabu. Kwetu sisi, ukiondoa irabu, nani atajua kama ni kata, kiti, kuta au kuti?

Tuchukue neno linalotulisha huku kwetu: dhahabu. Kwa Kiarabu ni herufi tatu, yaani vitufe vitatu. Kwa Kiswahili tunaongeza irabu tatu, kila moja na Shift yake: jumla mibonyezo tisa. Kwa hati ya Kilatini ni saba. Na hiyo dh imetupwa pembeni kabisa, juu kushoto!

Wapo waliojaribu kurekebisha. Mwaka 1997 Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya tahajia ya Kiswahili kwa hati hii. Baadaye Kevin Donnelly akatengeneza programu za Andika!, zinazowezesha kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwenye kompyuta. Mimi naongeza hili: irabu zetu tano ziwekwe chini ya vidole, bila Shift, na vitufe vipangwe kwa kuhesabu herufi katika maandishi ya Kiswahili, siyo ya Kiarabu.

Kuna atakayesema Kamati ya Lugha ya 1930 ilishasanifisha Kiswahili kwa Kilatini, kwa hiyo tunahangaika bure. Ndugu msomaji, orodha ya miswada ya maktaba ya chuo Dar es Salaam, aliyoitayarisha J. W. T. Allen, ilitoka mwaka 1970. Miswada mingi humo ni ya hati hii. Tutaihakiki vipi kama hatuwezi hata kuinukuu bila kuipotosha?

Pale steshenari niliishia kuazima kalamu. Kila palipokuwa na "bunda" niliongeza nukta mbili kwa mkono, nikamrudishia babu punda wake. Karatasi moja inawezekana. Maktaba nzima, je?